Kofia ya Mkono

Mama mdogo alifika kwetu Mjimwema, Njombe, asubuhi moja ya ukungu, mkono wake wa kulia ameuficha ndani ya kitenge kama mtu aliyebeba kuku wa wizi. Mama akamwuliza kutoka jikoni, "Umetubebea nini?"

"Nimewabebea mkono," akajibu. Kisha akaufunua, na kicheko cha mama kikakatika.

Ulikuwa umevimba kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Hospitali walikuwa wameshaupasua na kutoa kibanzi cha paini kilichomwingia akipakia mbao kule Makambako. Kilipoingia alikipuuza, kama wanavyovipuuza wote, mpaka usaha ukatunga na homa ikamlaza. Sasa uvimbe ulikuwa unashuka. Lakini daktari alikuwa amemwonya, naye aliturudishia onyo lenyewe huku akipuliza chai: safari hii umeponea chupuchupu, mama, ukichomwa tena hapohapo, siwezi kukuahidi kitu.

"Basi kazi ya mbao imekwisha," mama akasema.

"Imekwisha kwa nani, dada? Jumatatu narudi."

"Na mkono?"

"Narudi nao. Nitauacha wapi?"

Mama mdogo ndiye kiongozi wa akina mama wanaopakia mbao kwenye yadi moja iliyo karibu na reli. Anajua ubao upi ukae chini na upi ukae juu ili lori lishuke mteremko wa Kitonga bila mzigo kuhama, na kuna madereva wasiokubali kuondoka mpaka yeye azunguke gari na kugonga mbao kwa ngumi. Kumwambia akae nyumbani ilikuwa sawa na kumwambia padri aache misa kwa sababu ya mafua.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jiko la mkaa nikimenya viazi na kuendelea na kazi yangu nyingine, ile niliyokuwa nikiifanya tangu nirudi nyumbani na shahada yangu ya uhandisi wa nguo: kufikiria. Mimi hufikiria kabla ya jambo na wakati wa jambo, na jambo likishapita hufikiria jinsi nilivyopaswa kulifikiria. Barua za kuomba kazi nilikuwa nikizituma, kisha nikizisoma upya kwenye simu nikitafuta neno lililomfanya mtu asijibu. Pale jikoni, kabla chai haijapoa, nilikuwa nimeshaukata mkono wa mama mdogo kichwani mwangu, nimeshamwona akijifunza kula kwa kushoto, nimeshajiuliza nani atakuwa anamfunga kilemba.

"Wewe," mama akasema bila kunitazama, "si umesomea nguo? Mshonee mama yako mdogo mkono."

Alilisema kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Nikabaki na kiazi mkononi.

Kwa Kiswahili mkono ni neno pana. Kiganja ni mkono, na kutoka kifundo hadi kiwiko ni mkono. Ukipanda mpaka begani bado ni mkono, na kitambaa kinachofunika vyote hivyo kwenye shati nacho ni mkono. Chuoni tulikuwa tukigawanya. Kila kipande kilichorwa peke yake, kikapimwa na kupewa jina lake la Kiingereza. Nami siku ile nilichukua karatasi nikagawanya vivyo hivyo, maana nilitaka kujua kibanzi kinaingilia wapi.

Nilimwomba mama mdogo anionyeshe anavyobeba. Tukachomoa chaga ya kitanda changu, akaishika kwa mkono wa kushoto ambao haukuwa na maumivu, akaisukuma juu kuelekea dari kama anampa mtu aliye juu ya lori. Nikamwambia arudie, na nikamwambia tena.

"Huyu ananipakia lori hewa," akamwambia mama.

Lakini nilikuwa nimeona. Ubao haukai mkononi, unapita. Kiganja kinausukuma kwa chini, nao unateleza upande wa ndani wa mkono wote, pale ngozi ilipo laini, mpaka kwenye kiwiko. Kibanzi hakihitaji kuchoma. Kinakaa tu kwenye ubao, na mkono wenyewe unakuja kukifuata.

Kwa kupima vitambaa sikuwa na mashine yoyote ya maabara. Nilikuwa na viazi. Nilikifunga kiazi ndani ya kitambaa, nikakiburuza juu ya ubao mbichi usiopigwa randa niliouomba kwa jirani, kisha nikakifungua na kutazama ganda. Ndani ya kaki kiazi kilitoka na majeraha. Jinzi ilikiokoa mara nyingine na mara nyingine ikakitupa. Turubai lilikilinda vizuri sana, ila mkono niliokuwa nimeushona kwa turubai ulisimama wenyewe mezani kama bomba la moshi.

"Viazi vyako vyote vina vidonda," mama akalalamika. "Kila siku tunakula wagonjwa."

Dawa niliipata kwenye mitumba. Njombe ni mji wa baridi, kwa hiyo makoti ya ngozi hayakosekani sokoni, hata yale yaliyochanika mgongoni ambayo hakuna anayeyataka. Nilichukua ngozi nikaiweka upande wa ndani wa mkono na kwenye kiganja. Upande wa nje nikaweka jinzi ili hewa ipite, na ndani kabisa kitambaa laini cha fulana kuukuu kisichokwaruza kovu. Kiazi cha kwanza kilichovaa mkono huo kilitoka na ganda lake lote. Nilikiweka dirishani. Sikutaka kipikwe.

Likabaki swali la kiganja. Nilifikiria glavu peke yake na mkono peke yake, nikaona palipo na maungio ndipo kibanzi kitakapopita. Nikafikiria maungio yanayopandana, nikaona yatavutika. Mwishoni nikaunganisha kila kitu kuwa kitu kimoja, kutoka ncha za vidole hadi kiwikoni, kikifungwa kule juu kwa ile nailoni ya kushikana inayolia kraa ukiifungua. Hapakubaki hata nafasi ya kupitisha sindano. Niliipenda sentensi hiyo. Nilimwambia mama, nikamwambia mama mdogo kwa simu, na nikajiambia mwenyewe njia nzima nilipokuwa nikizipeleka Makambako, jozi kwa kila mama wa kundi lake.

*

Yadi ile haina ukuta wa maana. Ina mirundo ya mbao, harufu ya utomvu, vumbi la misumeno, na katikati yake njia ya mkato inayotoka sokoni kwenda stesheni. Akina mama walinipokea kwa vigelegele, wakazivaa pale pale, wakakunja ngumi.

"Bondia!" dereva mmoja akapiga kelele kutoka kwenye lori lake. "Mama, pambano lini?"

"Leo," mama mdogo akamjibu. "Shuka, mpinzani ni wewe."

Msimamizi wa yadi, mzee wa makamo mwenye penseli isiyotoka sikioni, alizigeuza, akazinusa, akavuta mshono mmoja kwa nguvu zake zote. Haukukatika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshaona mikono mingi ikivimba, naye alichoka kuwaaga watu wanaokwenda hospitali.

"Injinia," akaniambia, "mimi nilishawahi kuletewa kofia ngumu hapa. Sasa wanazichotea maji. Nitafanya hivi. Hizi zikikaa mikononi, nitakuagiza ushonee yadi nzima, wanaume kwa wanawake, na mama yako mdogo atafanya kazi hapa mpaka azeeke. Zisipokaa, nitamtoa kwenye kupakia. Akafagie maranda. Sitaki kumwua mtu."

"Zitakaa, baba," nikasema.

Mama mdogo alikuwa anamtazama mtu mmoja juu ya lori akiweka ubao vibaya, na vidole vyake ndani ya ngozi vilikuwa vinacheza.

Niliporudi siku chache baadaye, mikono yangu ilikuwa kila mahali isipokuwa mikononi. Mmoja ulining'inia kwenye mkanda wa kitenge, na jozi nyingine ilikuwa juu ya mrundo wa mbao za mbili kwa nne, imekunjwa vizuri kama nguo za kanisani. Mama mdogo alikuwa anasukuma ubao juu, mkono mtupu, na pembeni mwa kovu lake kulikuwa na mchubuko mwembamba mwekundu, bado mbichi.

"Mama mdogo!"

"Ah, umefika! Kamwene." Akafuta kiganja kwenye kitenge, akanipa mkono wa salamu. "Hujambo, mwanangu? Njombe wazima?"

"Mbona hamjazivaa?"

"Tunazivaa." Akachukua jozi yake, akaivaa kwa tabasamu, kama unavyovaa zawadi ya mgeni aliye bado sebuleni.

Nikawauliza mmoja mmoja.

"Zinabana?"

"Hazibani, mwanangu."

"Zina joto?"

"Joto tunalitafuta sisi. Hapa Makambako kwa upepo huu?"

"Nzito?"

"Nyepesi. Ni nzuri. Nzuri mno."

Kila mmoja alinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Msimamizi alipopita alizitazama zile za kwenye mrundo, akaitoa penseli sikioni na kuirudisha.

"Sina ugomvi na kazi yako, binti," akasema. "Lakini nilisema mikononi. Ninachokiona ni mapambo ya kiuno. Ijumaa nikikuta hivi, mama yako anashika ufagio."

Nilikaa kwenye benchi la mama lishe nikafikiria. Labda ni rangi. Nyeusi inawakumbusha msiba. Labda ni ngozi yenyewe. Nani anajua makoti yale yalivaliwa na nani, huenda na marehemu. Labda inanuka jasho na wanaona aibu kusema. Labda nilikosea nilipozileta kwa sherehe, au nilipomwalika mama mdogo ajaribu mbele za watu, au niliposomea nguo badala ya ualimu. Chai ikapoa. Mama lishe akaniuliza kama ina nzi.

Kutoka pale niliona jambo moja tu la hakika: walizivaa kila walipoanza kazi, na kila nilipotazama tena hawakuwa nazo. Katikati palitokea kitu, nacho sikukiona. Kwa hiyo nikanyanyuka, nikavaa jozi ya akiba, nikafunga nailoni kiwikoni kushoto na kulia, nikaingia kwenye mstari. Nilitaka mikono yangu inieleze kile ambacho midomo ya watu ilikataa kunieleza.

Nilipitisha mbao kadhaa. Hakuna kilichobana. Niliona hata fahari kidogo. Ndipo kwenye ile njia ya mkato akatokea bibi mmoja aliyejifunga shuka mabegani, kikapu mkononi, anatembea polepole akitazama anapokanyaga. Alikuwa mama mkwe wa mama mdogo. Ametoka Bulongwa kumtembelea mwanawe, naye kila akienda sokoni hupita yadini kumjulia hali mkwewe. Nilimfahamu tangu utotoni. Nami ndiye niliyekuwa karibu kuliko wote.

Nikapiga goti kidogo, nikanyoosha mkono. "Shikamoo, bibi!"

Bibi alisimama. Aliutazama mkono wangu, hakuupokea. Mstari ukasimama. Hata yule wa juu ya lori alibaki na ubao kifuani.

"Mkono wa birika naujua," bibi akasema. "Huu wa koti ni wa nani?"

Nikataka kuuvua. Lakini nailoni ilikuwa kule kiwikoni, na mkono wa pili nao ulikuwa ndani ya ngozi, vidole vimefungwa pamoja, haviwezi kushika hata sikio la tembo. Nikajaribu kuukandamiza ubavuni. Nikauweka kati ya magoti. Mwishowe, mbele ya mama mkwe wa watu, nikainama nikaing'ata nailoni kwa meno.

Kraa.

Bibi akaangua kicheko mpaka kikapu kikamtoka. Baada yake wakacheka wote, dereva akashika usukani asianguke, na mimi, nikiwa na vumbi la mbao kwenye meno, nilielewa kila kitu kwa mara moja.

Kwetu mkubwa hapiti hivihivi. Anapewa mkono. Wa kulia unatoka mbele, wa kushoto unakuja kuushika chini kidogo ya kiwiko, magoti yanalegea. Ukiwa na tope au unga hukosi njia: unakunja kiganja na kutoa kifundo, naye anakishika, salamu inakamilika. Lazima ngozi ikutane na ngozi mahali fulani. Na pale yadini, kwenye njia ya kwenda stesheni, wakubwa wanapita tangu asubuhi: wakwe, makatekista, wanunuzi wenye mvi, mabibi wa sokoni. Kila anapopita mmoja, akina mama wanavua kwa taabu, wanasalimia, wanavaa. Anapita wa pili, wanavua tena. Akipita wa tatu, nani atavaa? Kiganja nilikuwa nimekifunika. Kifundo nilikuwa nimekifunika. Hapakubaki nafasi ya kupitisha sindano, wala salamu.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikamwuliza mama mdogo bibi alipokwisha kwenda.

Akawatazama wenzake. Wote wakapata cha kufanya.

"Tungekuambiaje, mwanangu? 'Umeshona vizuri, ila umesahau kusalimia'? Hapo tusingekuwa tunakusema wewe. Tungekuwa tunamsema dada yangu, kwamba hakukulea." Akanipangusa vumbi mdomoni kwa ncha ya kitenge. "Tukaona bora tuchubuke."

*

Nilirudi Njombe mbio, na safari hii kufikiria kwangu kulikuwa na kazi ya kufanya. Jawabu la haraka lilikuwa kukata kiganja kabisa na kuacha kifundo wazi. Lakini kibanzi hakina adabu, nacho kingeingia hapohapo palipoachwa kwa ajili ya mama mkwe. Nilihitaji kiganja kinachofunguka kwa haraka kama goti linavyolegea, bila meno, na mkono wa pili ukiwa nao umevaa.

Nilisimama mbele ya kioo nikawasalimia watu wasiokuwepo. Mkono wa kulia mbele. Wa kushoto chini ya kiwiko. Tena. Mkono wa kulia mbele. Wa kushoto chini ya kiwiko. Kwa nini nautafutia mkono wa kushoto kazi, ilhali tayari unayo? Kila salamu ya heshima unakwenda mahali pale pale, bila kutumwa.

Hapo ndipo penye kufungulia.

Nilishona upya. Vidole vinne na kiganja nikavivalisha kofia ya ngozi isiyoshonewa kwenye kifundo, inayokaa mahali pake kwa lastiki. Kidole gumba nikakiacha nje ya kofia, kikiwa na kipande chake cha ngozi ubavuni, ili kiweze kubana kitu. Kwenye ncha ya kofia nikafunga kamba ya kiatu, nikaipitisha katika mfereji mwembamba mgongoni mwa mkono mpaka chini ya kiwiko, na mwisho wake nikauwekea ulimi wa ngozi wa kushika. Mkono wa kushoto ukija kwa heshima, unaukuta ulimi. Ukivuta kidogo, kofia inavuka vidole na kulala nyuma ya kiganja, na kiganja kinabaki kitupu, tayari kupokewa. Salamu ikiisha, unasukuma vidole dhidi ya paja, kofia inarudi kazini.

Haikufanya kazi mara moja. Kamba ilikwama, lastiki ilikuwa kali ikachapa vidole, ulimi ulikuwa chini mno nikawa nauvuta kama anayekamua ng'ombe. Kila nilipohamisha kitu nilimwendea mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, we mtoto."

Nilimwamkia akipika, nikamwamkia akifua, nikamwamkia akitoka chooni. Jirani aliyepita kuchukua ubao wake aliamkiwa mpaka akauacha. Jioni mama alikaa chini, akanyoosha miguu.

"Leo nimeheshimiwa mpaka nimechoka," akasema. "Hebu niamkie mara ya mwisho nikalale."

Nikamwamkia. Kofia ikavuka bila sauti yoyote, laini, na mkono wangu ukaingia ndani ya wake. Mama hakuuachia. Aliugeuza akatazama ngozi, kamba, mshono, halafu akanitazama mimi usoni kwa muda, kama mtu anayehakikisha kwamba huyu ni wake.

"Marahaba," akasema.

*

Ijumaa nilifika yadini na mfuko wa mikono mipya. Nilikuwa nimefikiria njia ishirini ambazo siku hiyo ingeweza kuharibika, na hakuna hata moja iliyotokea. Akina mama walivaa. Niliwaonyesha mara moja tu, kwa maana hapakuwa na cha kufundisha. Mikono yao ilikuwa inaijua safari hiyo tangu utotoni. Mama mdogo alimpa mwenzake mkono, ulimi ukavutika, kofia ikavuka, mwenzake akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Umevua kofia wenyewe!" akapiga kelele. "Jamani, mkono umevua kofia!"

Ilibidi kila mtu aamkie kila mtu. Walisalimiana watu waliokwisha kusalimiana asubuhi. Walimsalimia mama lishe, wakamsalimia mlinzi, wakampandia dereva mwenye mdomo mrefu kwenye ngazi ya lori lake, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine mpaka akasema anajiona kama bwana harusi.

"Hii ni kazi au harusi?" msimamizi akauliza kutoka mlangoni mwa ofisi yake. "Pakieni!"

Wakapakia. Nilirudi kwenye benchi langu, nikashika kikombe kwa mikono miwili. Alipita katekista. Ulimi, kofia, mkono mtupu, "Tumsifu Yesu Kristu," paja, kofia, ubao. Walipita wanunuzi wawili wenye mvi. Wakapita mabibi na mikungu ya ndizi. Mstari haukusimama. Hakuna mkono uliowekwa juu ya mrundo, hakuna uliokwenda kiunoni. Jua lilipotoboa ukungu, ngozi zilikuwa bado zinang'aa juu na chini, juu na chini, ubavuni mwa lori.

Ndipo bibi wa Bulongwa akatokea kwenye njia ya mkato. Nilisimama kabla sijafikiria, na hilo peke yake kwangu lilikuwa jambo. Nilikuwa nimevaa jozi yangu. Nikapiga goti, nikanyoosha wa kulia, wa kushoto ukaja chini ya kiwiko.

"Shikamoo, bibi."

Kiganja changu kilitoka kwenye ngozi kama uso unaotoka kwenye mtandio. Bibi aliupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, baridi na mikavu. Akaubana.

"Marahaba. Huu namjua mwenyewe," akasema. Kisha akauinua juu kidogo, watu wauone. "Ni wa mjukuu wangu."

Vigelegele vilivyopigwa pale nina hakika vilisikika stesheni.

Lakini msimamizi alikuwa bado hajatoa uamuzi wake. Alikuja akipita kwenye mirundo, mikono nyuma, akasimama chini ya lori ambako mama mdogo alikuwa anasukuma ubao wa mwisho. Ulikuwa ubao mbaya, mbichi, wenye manyoya ya mbao kila upande. Ulipita juu ya mkono wake wote, kutoka kiganjani hadi kiwikoni, ukapokelewa juu. Mama mdogo akashusha mkono, akautazama, akatuita.

Kibanzi kilikuwa kimesimama kwenye ngozi. Kirefu, cheupe, kikali, sawasawa na pale lilipo kovu. Msimamizi aliinama akakitazama kwa karibu mpaka penseli ikamdondoka sikioni. Mama mdogo akafungua mkono taratibu, akaukunjua. Ndani, kitambaa cha fulana kilikuwa kizima. Ngozi yake mwenyewe ilikuwa nzima, ina jasho kidogo, kovu limetulia.

"Ziko mikononi," msimamizi akasema.

"Ziko mikononi, baba," nikajibu.

"Shonea yadi nzima. Anza na mimi, mkono wangu ni mpana." Akaokota penseli. Kisha akamgeukia mama mdogo, akamwonyesha lori jingine lililokuwa linarudi nyuma kuingia yadini, tupu, dereva wake ametoa kichwa dirishani kumtafuta mtu. "Na wewe mama, unangoja nini? Ufagio?"

Mama mdogo alikichomoa kile kibanzi kutoka kwenye ngozi, akakipima kwa jicho, akakichomeka kwenye kilemba chake kama pini. Akavaa mkono. Akaenda kugonga mbao kwa ngumi.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mama, kutoka Mjimwema.

"Vipi huko? Umemshonea mkono?"

Nilimtazama mdogo wake akiwa amesimama juu ya tairi la lori, anaamrisha wanaume wawili wageuze ubao.

"Nimemshonea, mama," nikasema. "Anapakia."